Kamera Safarini: Historia ya Bima ya Vifaa vya Mpiga Picha

Bima ya vifaa vya kupigia picha vinavyovushwa mipaka ni mkataba ambao kampuni ya bima, baada ya kulipwa ada, inakubali kumfidia mwenye kamera, lenzi na taa endapo vitaibiwa, vitapotea au vitaharibika akiwa safarini. Mkataba huu haukubuniwa na wapiga picha, wala hapo mwanzo haukuandikwa kwa ajili yao. Uliungwa kipande kwa kipande katika muda wa zaidi ya karne moja: kipande kutoka bima ya shehena za baharini, kipande kutoka kwa masonara wa London, kingine kutoka sheria za usafiri wa anga, na kingine kutoka ofisi za forodha. Ndiyo maana hati ya kamera ya leo bado inataja panya, vita na amri za serikali. Anayejua kila sharti lilikotoka huona kwa urahisi hasara ipi italipwa na ipi itabaki mikononi mwake.

Mizigo ya wapiga picha wa kwanza

Upigaji picha ulitangazwa hadharani mjini Paris tarehe 19 Agosti 1839, njia ya Louis Daguerre ilipowekwa wazi kwa ulimwengu. Seti kamili ya vifaa iliyouzwa mwaka huo na Alphonse Giroux, pamoja na masanduku ya kemikali, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 50 na bei ya faranga 400. Kabla mwaka haujaisha, wasafiri wa Kifaransa walikwisha kuifikisha Misri.

Mzigo ulizidi baada ya mwaka 1851, Frederick Scott Archer alipochapisha njia ya kolodioni. Bamba la kioo lilipakwa kemikali, likatiwa kwenye kamera, kisha picha ikasafishwa kabla bamba halijakauka, kazi yote ikafanyika kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mpiga picha alilazimika kusafiri na chumba chake cha giza: hema, chupa za asidi na nitreti ya fedha, maji safi, na masanduku ya vioo. Francis Frith, aliyesafiri Misri na Palestina kati ya 1856 na 1860, alifanya kazi ndani ya hema lenye joto kali kiasi cha kolodioni kuchemka. Samuel Bourne alipopanda milima ya Himalaya mwaka 1863, vifaa na mahitaji yake yalibebwa na wapagazi wapatao 30.

Afrika Mashariki nayo ilipitiwa na mizigo ya namna hiyo. Msafiri James Augustus Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860, kabla ya kuelekea bara pamoja na John Hanning Speke. Miaka 40 baadaye Carl Georg Schillings alizunguka nyanda za karibu na Kilimanjaro akiwa na mabamba ya kioo na unga wa kuwasha mwanga, akipiga picha za simba na wanyama wengine usiku. Picha hizo alizitoa katika kitabu mwaka 1905.

Katika safari hizo hasara ilikuwa juu ya msafiri mwenyewe, au juu ya aliyegharimia msafara. Bima iliyokuwepo ilihusu meli na shehena. Sanduku la vioo liliweza kukatiwa bima ya safari ya baharini, lakini kwa kawaida ulinzi huo uliishia bandarini. Njia ya bara ilianzia pale bima ilipokoma, nayo ndiyo iliyokuwa na mito ya kuvuka, mvua, na mapagazi waliochoka.

Msingi uliowekwa baharini

Mkataba wa bima wa zamani zaidi unaojulikana uliandikwa Genoa mwaka 1347, nao ulihusu safari ya meli. Jijini London biashara hiyo ilikulia katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, uliokuwapo kufikia mwaka 1688, ambako wenye meli na wenye mitaji walikutana kugawana hatari. Kutokana na mkahawa huo likazaliwa soko la Lloyd's. Mwaka 1779 soko hilo lilikubali hati moja ya kawaida iliyoorodhesha hatari zilizolipiwa fidia: bahari yenyewe, moto, maadui, maharamia, wezi, kutupwa kwa mizigo ili meli isizame, na nyinginezo. Hati hiyo ilitumika kwa karne mbili, hadi mwaka 1982 ilipoanza kuondolewa na masharti mapya ya shehena.

Mwaka 1906 Uingereza ilikusanya desturi za soko hilo katika Sheria ya Bima ya Baharini. Mambo matatu katika sheria hiyo yanaonekana hadi leo katika hati za kamera. La kwanza ni thamani ya makubaliano: pande mbili zinaweza kuandika mapema bei ya kitu, nayo ikawa ndiyo bei ya fidia. La pili ni bima pungufu: aliyekata bima ya kiasi kidogo kuliko thamani halisi huhesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki. Mpiga picha mwenye vifaa vya shilingi milioni 6 akikata bima ya milioni 3, kisha akaibiwa lenzi ya milioni 1, anaweza kujikuta analipwa laki 5 tu.

La tatu ni orodha ya mambo yasiyolipwa. Kifungu cha 55 kinaondoa uchakavu wa kawaida, kasoro iliyomo ndani ya kitu chenyewe, na uharibifu wa panya na wadudu. Hoja yake ni kwamba bima hulipia jambo linaloweza kutokea au lisitokee, ilhali uchakavu ni jambo la hakika. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, sharti hili linawagusa wapiga picha moja kwa moja. Kwenye unyevu wa pwani, lenzi iliyofungiwa ndani ya begi kwa muda mrefu huota kuvu, nyuzi nyembamba zinazotambaa juu ya kioo na kula rangi ya kinga yake. Kuvu hiyo huota polepole, kwa hiyo kampuni za bima huihesabu kuwa uharibifu wa taratibu na kwa kawaida hukataa kuilipia, hata kama mwenye lenzi aligundua hasara hiyo siku moja kwa ghafla.

Hatari zote katika hati moja

Hadi miaka ya 1880 mali iliyo nchi kavu ililindwa zaidi dhidi ya moto. Aliyebadili hali hiyo ni Cuthbert Heath, mfanyabiashara wa Lloyd's aliyeishi kati ya 1859 na 1939. Mwishoni mwa miaka hiyo alianza kuuza bima ya wizi wa kuvunja nyumba, kisha akawapa masonara hati iliyofunika vito vyao dhidi ya karibu kila aina ya hasara, viwe dukani, mkononi mwa mjumbe au njiani kwenda kwa mteja. Hapo mantiki ya bima iligeuzwa. Hati za zamani zilitaja hatari zinazolipwa na kuacha nyingine zote. Hati ya hatari zote ililipa kila hasara ya ghafla isipokuwa zile zilizotajwa kuwa hazilipwi. Kwa kitu kidogo chenye thamani kubwa kinachohamahama kila siku, mpangilio huu ndio uliofaa.

Kamera yenyewe ikaja kuwa kitu cha aina hiyo. Kodak ya mwaka 1888 ilitumia filamu ya kuviringisha badala ya vioo. Leica, iliyoonyeshwa katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1925, iliingia mfukoni mwa koti. Kamera ndogo ilikuwa rahisi kubeba, na kwa sababu hiyo hiyo ilikuwa rahisi kuiba na kuuza. Hata hivyo ilikuwa na namba yake ya pekee iliyochongwa juu ya chuma. Kwa namba hiyo kamera moja iliweza kutenganishwa na maelfu yanayofanana nayo, ikaandikwa kwenye hati na bei yake, na ikitokea imeibiwa ikatangazwa polisi na madukani.

Nchini Marekani sheria za majimbo zilitenga bima ya moto, ya ajali na ya baharini, kila moja na kampuni zake. Kampuni za baharini peke yake ndizo zilizozoea kufunika mali iliyo safarini dhidi ya hatari nyingi kwa hati moja, basi zikaanza kupokea mali ya nchi kavu pia. Kampuni nyingine zililalamika, na mwaka 1933 wasimamizi wa bima wa majimbo wakakubaliana juu ya mpaka wa kazi ya bima ya baharini. Mali binafsi zinazohamahama, kama vito na makoti ya manyoya, ziliachwa upande wa kampuni za baharini. Kamera zilikatiwa bima ya jamii hiyo hiyo, na hati hizo zilikuwa na sifa ambazo wapiga picha bado wanazitafuta: kila kifaa kimeorodheshwa, thamani imeandikwa, na ulinzi unakifuata kifaa popote kinapokwenda ndani ya mipaka iliyotajwa.

Vita vyaondolewa

Hati ya mwaka 1779 ilitaja maadui na manowari bila kusita. Kufikia mwaka 1898 wanachama wa Lloyd's waliamua kwamba hatari za vita ziondolewe katika hati za kawaida, na anayezitaka azilipie kando. Hatua kubwa zaidi ilifuata wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Hispania, vilivyoanza mwaka 1936. Mabomu ya ndege yaliyoangushwa juu ya miji yalionyesha kwamba usiku mmoja ungeweza kuteketeza maghala yenye mali ya maelfu ya wateja, na hakuna mtaji ambao ungestahimili madai yote kwa pamoja. Mwaka 1937 kampuni za bima za soko la London zilikubaliana kutolipia hatari za vita kwa mizigo iliyo nchi kavu. Ulinzi wa vita ukabaki kwa mizigo iliyo melini.

Katika vita hivyo hivyo vya Hispania, wapiga picha wenye kamera ndogo walianza kufika mstari wa mbele kwa namna isiyowezekana zama za vioo. Kwa hiyo taaluma ya picha za vita ilikua wakati ule ule bima ya kawaida ilipokuwa ikijiondoa vitani. Hadi leo, hati ya kawaida ya kamera haimlipi aliyepoteza vifaa katika mapigano, mapinduzi au uasi, wala aliyenyang'anywa kwa amri ya serikali. Anayekwenda nchi yenye vita hununua ulinzi wa pekee kwa nchi iliyotajwa na kwa muda mfupi, na ada yake hupanda kadiri hali inavyochafuka.

Historia ya Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Tanganyika, inaonyesha uzito wa pengo hilo. Alianzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, akapiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964 na njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini; alipoteza mkono wake wa kushoto na mwenzake wa kurekodi sauti akafa. Kazi ya namna hiyo, iliyowaletea walimwengu habari za eneo hili, hufanyika hasa mahali ambapo hati ya kawaida inasema haifiki.

Begi lapimwa kwa mizani

Safari za ndege zilileta swali jipya: mzigo ukipotea mikononi mwa shirika la ndege, shirika linadaiwa kiasi gani? Mkataba wa Warsaw wa tarehe 12 Oktoba 1929 ulijibu kwa uzito. Kwa mzigo uliokabidhiwa, ukomo ulikuwa faranga 250 za dhahabu kwa kila kilo, kiasi ambacho baadaye kilihesabiwa kuwa kama dola 20 za Marekani. Kwa hesabu hiyo begi la kamera la kilo 10 lilistahili dola 200, sawa na begi la nguo la uzito huo. Msafiri aliruhusiwa kutamka thamani kubwa zaidi kwa kulipa nyongeza, lakini asiyefanya hivyo alibaki na fidia ya mizani.

Mkataba wa Montreal wa tarehe 28 Mei 1999, ulioanza kutumika mwaka 2003, uliacha uzito na kuweka ukomo kwa kila abiria. Kiasi hicho huhesabiwa kwa SDR, kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kilianza na SDR 1,000, kikapandishwa hadi 1,131 mwaka 2009, 1,288 mwaka 2019, na 1,519 kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, takriban dola 2,000. Kenya na Tanzania ni wanachama wa mkataba huo. Malalamiko ya uharibifu lazima yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo, na ya kuchelewa ndani ya siku 21. Kwa mzigo wa mkononi, shirika hulipa tu kama hasara imetokana na kosa lake. Lenzi moja ya wapiga picha wa michezo au wanyama inaweza kupita ukomo huo wote, kwa hiyo mkataba wa Montreal haujaondoa haja ya bima binafsi.

Kampuni za bima nazo zilijenga masharti yao juu ya hali hii. Hati nyingi zinataka kamera ibebwe mkononi ndani ya ndege na zinakataa kulipia iliyowekwa kwenye mzigo wa chini. Sharti hilo liligongana na amri za usalama zaidi ya mara moja. Agosti 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege, abiria wa nchi hiyo walikatazwa kwa siku kadhaa kuingia na mizigo ya mkononi. Machi 2017 Marekani ilizuia vifaa vya umeme vikubwa kuliko simu, kamera zikiwemo, ndani ya ndege zilizoruka moja kwa moja kwenda huko kutoka viwanja 10, vikiwemo vya Dubai, Doha, Istanbul na Cairo, njia zinazotumiwa na wasafiri wengi wa Afrika Mashariki. Zuio hilo liliondolewa hatua kwa hatua hadi Julai mwaka huo. Kwa betri za lithiamu amri ni ya kinyume: za akiba hazikubaliwi katika mzigo wa chini, lazima zibebwe mkononi. Msafiri wa leo hulinganisha masharti ya bima, ya ndege na ya uwanja kabla ya kufunga begi.

Forodha na dhamana

Kamera inayovuka mpaka humpa afisa forodha shaka ya haki: je, mtu huyu anakwenda kuitumia au kuiuza? Mwaka 1961 nchi kadhaa zilitia saini Brussels mikataba miwili ya kutatua shaka hiyo. Wa Juni ulihusu kuingiza kwa muda vifaa vya kazi, vikiwemo vya waandishi wa habari na watengeneza filamu. Wa Desemba ulianzisha hati ya forodha iitwayo karneti ya ATA, iliyoanza kutumika mwaka 1963. Karneti hutolewa na chemba za biashara, hudumu mwaka mmoja, na huwa na orodha ya kila kifaa pamoja na namba na thamani yake. Karatasi za njano hutumika kutoka na kurudi nchini kwao, nyeupe kuingia na kutoka ugenini, na buluu kwa kupita tu. Kwa nchi zisizo katika mpango huo, njia hubaki kuwa ya sheria za ndani: sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu vifaa kuingia kwa muda bila ushuru, vikiwekewa dhamana na masharti ya kurudishwa vilikotoka.

Watu wengi huchanganya karneti na bima. Karneti hulinda mapato ya serikali tu. Kamera ikiibiwa ugenini, forodha huona kifaa kilichoingia na hakikutoka, na inaweza kudai ushuru wake. Aliyeibiwa basi hupoteza mara mbili, asipokuwa na taarifa ya polisi ya kumtetea na bima ya kumfidia. Hata hivyo nyaraka hizi mbili zinasaidiana: orodha ile ile iliyogongwa muhuri mpakani huthibitisha mbele ya kampuni ya bima kwamba kifaa kilikuwepo, kilikuwa cha nani, na kilitoka nchini siku gani.

Soko la Afrika Mashariki

Kampuni ya Jubilee Insurance ilianzishwa Mombasa mwaka 1937. Nchini Tanzania, Shirika la Bima la Taifa lililoundwa mwaka 1963 lilikabidhiwa biashara yote ya bima baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kampuni binafsi zilirudi baada ya sheria ya mwaka 1996. Nchini Kenya, Sheria ya Bima ya mwaka 1984 inazuia mali iliyo nchini kukatiwa bima na kampuni isiyosajiliwa huko bila idhini ya msimamizi. Kwa mpiga picha wa Nairobi, jambo hili lina maana kwamba hati inayouzwa mtandaoni kutoka Ulaya huenda isiwe halali kwake hata kama ada imepokewa. Njia iliyo wazi ni hati ya hatari zote kutoka kampuni ya nyumbani, ikiwa imeongezewa kifungu cha nchi za nje. Kifungu hicho hakiji chenyewe: hati nyingi huishia kwenye mipaka ya nchi au ya Afrika Mashariki, na anayekwenda Muscat, London au Toronto bila kukiongeza hubeba vifaa visivyo na ulinzi tangu ndege inapovuka mpaka.

Tofauti nyingine ni kati ya burudani na kazi. Bima ya nyumba au ya safari inaweza kufunika kamera ya familia kwa kiasi kidogo, lakini kwa kawaida huondoa vifaa vinavyoingiza kipato. Kukubali malipo ya harusi moja kunatosha kuzua ubishi. Mpiga picha wa kazi hueleza kazi yake waziwazi anapojaza fomu, kwa sababu kuficha jambo la msingi huipa kampuni sababu ya kukataa dai zima.

Kisicholipiwa

Hata hati iliyo pana kuliko zote hulipia vifaa, wala hailipii picha. Mwaka 1915, meli ya Endurance iliposagwa na barafu ya Antaktika, mpiga picha Frank Hurley na kiongozi wake Ernest Shackleton walichagua mabamba 120 ya kioo na kuvunja mengine yapatayo 400, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kuyabeba. Bei ya vioo hivyo ilikuwa ndogo. Kilichovunjwa kilikuwa picha ambazo zisingeweza kupigwa tena. Kampuni za filamu hununua ulinzi wa gharama za kurudia kazi, lakini mpiga picha wa kawaida hulipwa bei ya kadi ya kumbukumbu iliyopotea, wala si ya siku alizofanya kazi. Ulinzi wa picha umebaki kuwa wajibu wake: kunakili kila jioni sehemu mbili au tatu, na kutoweka nakala zote katika begi moja. Risiti, namba za vifaa na hati ya bima navyo hunakiliwa na kuhifadhiwa hivyo hivyo, kwa sababu dai la fidia hujengwa juu ya karatasi hizo.